Mwaka wa Kumwandika Jeremi

Mwezi uliopita tulimzika Mama Jeremi. Shangazi Rejina alinipigia simu nikiwa nafundisha darasani huku Nizi, na kabla ya kunieleza ugonjwa ulivyokwenda aliniambia, "Biyografi ni weye. Hakuna mungine." Kwetu mtu hashuki kaburini kabla mmoja hajasimama kando ya jeneza akasoma maisha yake: alizaliwa wapi na nani, alibatizwa wapi, shule, kazi, watoto, ugonjwa, tarehe ya kufa. Kazi hiyo hupewa mwenye karatasi nyingi za shule kuliko wote, hata kama hakumjua sana marehemu. Nilikubali, nikaomba ruhusa, nikapanda pikipiki kwenda Bunia, na njia nzima, nyuma ya dereva aliyekuwa anapiga honi kwa kila mbuzi, sikumwaza Mama Jeremi. Niliwaza ile biyografi ya kwanza, ya mtoto wake, ambayo niliandika mwaka nilioishi ukuta mmoja nao, nikaiandika upya na upya mpaka nikafikiri ndiyo itakayoniua mimi.

Mwaka ule nilirudi kutoka chuo na lisansi, yaani shahada, ya historia, na shangazi akanipa chumba cha pembeni katika parseli yake, kiwanja chake cha Nyakasanza, Bunia. Kilikuwa na kitanda, ndoo, msumari mmoja wa kutundikia nguo, na ukuta wa tripleksi ulionitenganisha na sebule ya Mama Jeremi, mpangaji wake. Kupitia mbao ile nyembamba nilimjua kabla hatujazoeana: kikohozi chake cha alfajiri, karai lake, namna alivyomwita binti yake Neema kwa upole, halafu kwa ukali, halafu akaenda mwenyewe kufanya alilotaka afanyiwe. Aliuza samaki wadogo wakavu wa ziwani, na harufu yao ilikuwa imeingia kwenye nguo zangu kabla sijamaliza kupanga vitabu. Nilikuwa naamka nimechoka. Nilikuwa nimeacha barua ya kuomba kazi katika kila ofisi yenye mlinzi mlangoni, na kutwa nzima nilizirudia kichwani: kama neno "heshima" nililiweka mahali pake, kama yule katibu alitabasamu kwa huruma au kwa sababu meno yangu yalikuwa na mboga ya sombe, kama ningevaa viatu vyeusi. Leo najua kwamba nyingi ya barua zile hazikufunguliwa. Ningelijua wakati ule, ningeanza kuwaza kwa nini.

Jeremi alikuwa baharia. Wageni hucheka wakisikia Bunia ina mabaharia, maana mji wetu uko juu, kwenye upepo na vumbi jekundu, na maji yetu ya karibu ni mto Shari. Lakini ukishika barabara ya Bogoro, ukapita mashamba na kuanza kuteremka, Ziwa Albert linatokea chini yako kama bati jipya, na huko jeshi la maji lilikuwa na kituo na mitumbwi ya injini. Nilimwona mara chache, akija likizo. Mara ya mwisho alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa mama yake, suruali ya buluu ya kazi, kandambili miguuni, akila ndizi na maharagi ndani ya sufuria yenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo ya uwanja na kikombe mkononi, nikifikiri juu ya barua.

"Mulisansie," aliniita. "Weye unawaza mpaka chai inaota majani."

"Niko nangojea ipoe."

"Ilipoaka tangu jana."

Mama yake, akichambua samaki, hakuinua hata kichwa. "Umuachilie. Kichwa yake iko inatumika. Ni mikono tu njo haijapata kazi."

Wakacheka wote wawili kwa sauti moja, kicheko kinachoanzia puani, na mimi nikaingia chumbani nikiwa nimeumia, nikatumia jioni nzima kutunga majibu ambayo ningewapa. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na Jeremi. Baadaye, nilipoambiwa niandike maisha yake, ndiyo mtaji niliokuwa nao.

Habari yake ilitufikia vipande vipande. Asubuhi moja watu wenye silaha waliteremka kwenye kijiji cha wavuvi kusini mwa kituo chao, na wanakijiji wakakimbilia majini. Jeremi na mwenzake mmoja, Trezor, walikuwa doria na mtumbwi. Wakaukaribia ufuko, wakapakia watu, wakawapeleka kwenye mashua za wavuvi zilizokuwa zimekwenda mbali na risasi, wakarudi, wakapakia tena. Trezor alipigwa risasi ya mkono. Jeremi akamwacha kwenye mashua pamoja na waliookolewa, akageuza mtumbwi, akarudi peke yake. Waliokuwa mbali waliuona ukija umejaa watu, kisha waliuona unainama upande. Wengi waliokuwamo waliokotwa. Yeye hakuokotwa, siku hiyo wala zilizofuata, na ziwa halikumtoa.

Kabla ya mvua kuanza, wakubwa wake walipanda mlima na gari kumletea mama yake medali ya ushujaa. Uwanja wa shangazi ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Mkubwa mmoja mwenye sauti nzuri alisoma karatasi kwa Kifaransa, mwingine akaifasiri, na Mama Jeremi akapokea kisanduku kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyopokea sahani ya moto. Halafu Trezor, mkono wake ukiwa bado ndani ya kitambaa, akaomba kusema. Alikuwa kijana mfupi, mwenye kutazama chini.

"Mama, alivua jile yake, ile ya kuelea. Alivalisha mwanamuke moja wa mimba. Nikamuambia, weye je? Akasema, miye sina lazima nayo."

Watu wakapumua kwa pamoja. Sauti ya mwanamke wa kwaya ikasema, "Si unaona? Mutu mwenye kuogelea sawa samaki." Nyingine ikadakia kwamba basi labda aliogelea mpaka ng'ambo, upande wa Uganda, labda iko mu kambi, bila simu, bila akili sawasawa, hayo hutokea. Habari hiyo ikazunguka uwanja kwa kasi, ikirudi kila mara ikiwa imenenepa. Mimi nilikuwa karibu na Mama Jeremi, nimeshika sinia la soda, na niliona uso wake pale aliposikia habari ya jile. Haukulia. Ulijifunga, kama duka linavyofungwa mchana watu wakiwa bado barabarani. Nilidhani ni majivuno. Nilidhani pia ni hasira, kisha nikadhani ni njaa, na usiku nikayapanga yote matatu na kuyapinga moja moja.

"Mama iko na ulizo?" mkubwa alimuuliza.

"Sina," alisema. "Mukule kwanza."

Kisanduku akakiweka ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya wageni. Trezor alimngojea mlangoni mpaka gari lilipopiga honi. Alitaka kumwambia jambo, au alitaka kuulizwa, lakini yeye alikuwa jikoni akiosha sufuria iliyokwisha oshwa.

Baada ya hapo sote tulimkosea, na tulimkosea kwa upole. Kwetu mwanamke akizaa, jina lake linakwenda pembeni na anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Sikujua Mama Jeremi alibatizwa jina gani. Nililijua jina hilo mwezi uliopita tu, nilipoliandika. Sasa wanawake wa kwaya, wakiogopa kumtonesha kidonda kila wakimsalimia, wakaanza kumwita Mama Neema. Hakuna aliyeitisha kikao. Mmoja alianza, wa pili akaona ni jambo la busara, na ndani ya majuma machache hata muuza mkaa akawa anapiga kelele langoni, "Mama Neema, makala imefika." Hakuitika. Alisimama na sahani mkononi, akitazama ukuta, mpaka muuza mkaa akaondoka na mkaa wake akidhani hakuna mtu. Mimi sikuweza kusema jina la kwanza wala la pili. Kila asubuhi nilimngoja atoke kabla yangu ili yeye ndiye aanze salamu, nami nijibu "ndiyo, mama" na kukimbia. Nilikuwa na lisansi, na nilikuwa najificha nyuma ya pazia kwa sababu ya jina la jirani.

Halafu kulikuwa na habari ya samaki. Shangazi aliacha kupika samaki wa ziwani. Nyumba ya nyuma nayo ikaacha. Kila mtu alikuwa na sababu: tumbo, bei, mifupa. Sababu yenyewe ilikuwa moja na hakuna aliyeitamka: Jeremi alikuwa ndani ya maji yale, na samaki hula. Beseni la Mama Jeremi likawa linarudi kutoka sokoni jinsi lilivyokwenda. Jumapili moja akatuita kula, shangazi na mimi. Katikati ya meza, kwenye bakuli la bluu, palikuwa na samaki wale wadogo ndani ya mchuzi wa nyanya, bugali ya muhogo kando, na mboga ya lengalenga. Neema alikuwa anatazama magoti yake. Mama Jeremi aliomba dua fupi, akamega, akachovya, akala samaki mzima na kichwa, akatutazama.

"Muko mumeshiba?"

"Hapana," alisema shangazi.

"Basi mukule. Ni samaki. Haina kitu ingine ndani."

Nikala. Nilikula nikihesabu kichwani hoja za kila upande, kwamba ziwa ni kubwa mno, kwamba nikikataa ninamwambia mtoto wake amekufa, kwamba nikila huenda ninafanya jambo ambalo halina jina. Kila tonge nililisukuma kwa maji. Shangazi, mwanamke jasiri kuliko wote ninaowajua, alikula mpaka akalamba vidole, akasifu chumvi. Kupitia tripleksi, baada ya sisi kurudi kwetu, nilimsikia Neema akitapika, na mama yake akimshika mgongo na kumwambia, "Basi, basi. Ilishaisha." Siku hiyo nilielewa kwamba mwanamke yule alikuwa ameshikilia jambo moja kwa meno yake, na kwamba siku lingemtoka sisi sote tungesikia.

Papa Anselme ndiye aliyekuja kulivuta. Alikuwa shefu wa avenyu yetu, mtaa wetu, yaani mtu wa kugonga milango kwa habari ya usafi na vikao, na kwa kazi yake alikuwa fundi wa nguo; alizungumza na pini midomoni, mita shingoni, na kila aliyezungumza naye alijisikia anapimwa. Alipenda avenyu ile kama watu wanavyopenda timu ya mpira. Alikuwa ameshaongea na wakubwa wa komine, manispaa yetu, nao walikuwa tayari avenyu ipewe jina la Jeremi, na kibao, na siku ya sherehe. Ilibaki kitu kimoja.

"Avenyu haipewake jina ya mutu mwenye anaweza kurudia," nilimsikia akimwambia Mama Jeremi sebuleni. "Unaelewa, mama? Siku moja anafika muzima, anauliza, njia hii ni ya nani? Tutasema nini?"

"Mutamwambia ni yake."

"Mama."

"Endelea. Niko nasikiliza."

Alieleza kwa upole kweli. Mtu akipotelea majini na mwili usionekane, wazee wetu wa zamani walikata shina la mgomba, wakalivisha nguo zake, wakalilaza ndani ya jeneza, wakalizika, na nyumba ikapumzika. Ndugu zake wa Bogoro walikuwa tayari kutoa mgomba. Wakubwa wa ziwani watakuja. Wote wanangoja neno lake tu, maana jeneza haliwezi kutoka ndani ya nyumba ambayo mama amekataa kukalia mkeka wa matanga.

Nilisogea mbali na ukuta, nikiogopa tripleksi itanisema.

"Mugomba," Mama Jeremi alimjibu, "ni wa kuzaa ndizi."

Papa Anselme alitoka, akanikuta nimesimama katikati ya chumba changu, mlango wazi, bila kazi yoyote ya kuonyesha. Akaondoa pini midomoni. "Weye njo musomi wa hapa. Anza kuandika biyografi. Akiisikia yote imepangwa vizuri, ataona mutoto wake iko na heshima, atakubali." Nilitaka kusema kwamba sikumjua Jeremi. Nilitaka kusema kwamba historia niliyosoma ilikuwa ya falme na mikataba. Nikasema, "Ndiyo, papa," kisha nikalala macho nikijiuliza kwa nini sikusema hayo mengine.

Niliandika kwa hofu. Sentensi ya kwanza ilisema Jeremi alikuwa kijana aliyeipenda nchi yake tangu utotoni. Nilivuka uwanja na karatasi, nikamkuta Mama Jeremi jikoni, nikamsomea nikiwa nimesimama.

"Alikuambia?"

"Hapana, mama."

"Alipenda mushahara. Na kofia. Na ile injini ya mutumbwi, alikuwa anaiongelea sawa mutu anaongelea mwanamuke. Andika ile."

Nikaandika ile. Nikarudi na nyingine, akaifuta: hakuwa mtulivu darasani, alifukuzwa mara nyingi na mara moja alirudishwa na mwalimu mwenyewe kwa sababu darasa lilikuwa limepooza. Hakupenda kwaya, alipenda msichana wa kwaya. Nilianza kungoja saa ile ya alasiri. Aliniwekea kigoda. Alinipa maharagi ya kuchambua, kwa sababu mikono yangu, alisema, ilikuwa inamchosha kutazama. Nadhani sasa kwamba wakati ule nilimjua Jeremi zaidi ya watu wengi wa avenyu waliokua naye, na pia kwamba kila siku Mama Jeremi alinipeleka mbele kidogo ya maisha yake na kuniachisha kabla hatujafika ziwani. Karatasi ilifika uandikishaji wa jeshi, ikasimama. Juu ya tarehe ya kufa, ambayo kila biyografi lazima iwe nayo, niliacha mstari mtupu, na ule mstari ulinifuata mpaka sokoni.

Siku aliyosema, mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu hata ikatubidi kukaa karibu. Nilikuwa nimemsomea sehemu mpya. Nilikuwa nimeandika, kwa sababu kila mtu alisema hivyo na ilionekana salama, kwamba Jeremi, muogeleaji hodari, alitoa jile yake bila kusita.

"Rudilia."

Nikarudia.

"Nani alikuambia anajua kuogelea?"

"Watu wote, mama. Wanasema."

Aliendelea kuchambua maharagi. Aliweka mabovu upande mmoja, mazuri upande wa pili, vidole vyake havikukosea. "Alipokuwa mudogo, Shari ilimubeba. Mutu wa kufua nguo njo alimushika mu shati. Tangu pale nilimukataza maji. Nikiona nguo yake imelowana, namupiga. Wenzake walijifunza, yeye hakujifunza. Siku alienda kujiandikisha, aliniambia, mama, wakiniuliza nitasema ndiyo. Nikacheka. Nilisema Bunia hakuna maji, watamuweka mu ofisi." Alitupa haragi bovu upande wake. "Hakuna mutu alijua. Hata Trezor hakujua. Akasema, sina lazima nayo. Unasikia? Akasema vile na mudomo yake."

Nilisikia. Nilielewa ule uso uliojifunga siku ya medali. Uwanja mzima ulisikia habari ya jile ukapata matumaini. Yeye peke yake aliisikia akajua. Na miezi yote ile, samaki wote wale, alikuwa anatumia uongo wa watu kama kuni, akiuongezea, akiota moto wake, akijua. Nilitaka kumshika mkono na nikaanza kuwaza kama ni vema, na nilipomaliza kuwaza mkono wake ulikuwa umeshaondoka kwenda kwenye sufuria.

"Wanasema alikuwa samaki," alisema. "Samaki akiingia mu maji, nani atamupa medali? Andika, hakujua kuogelea. Usome ile mbele ya watu wote, nami nitatoka nikalie mukeka. Usiposoma, wazike mugomba wao. Mimi nitabaki ndani."

Nilimpelekea Papa Anselme karatasi. Aliisoma juu ya cherehani, akatoa pini moja, kisha zote. Hakukasirika, ilikuwa mbaya zaidi, alihuzunika. "Mutoto wangu, marin, baharia, mwenye hajui kuogelea? Wakubwa wake watakuwa wapi? Na watu wa avenyu zingine, unawajua. Watasema, wale wa kule walimupa jina ya njia mutu wa kuzama." Akasema mama ana uchungu, uchungu husema mengi. Akasema nisome yote isipokuwa pale. Akaipeleka kuchapwa mwenyewe, na nilipoletewa nakala zenye picha ya Jeremi amevaa kofia, sentensi haikuwamo. Mahali pake palikuwa na neno "hodari". Nilimwandikia Papa Anselme maneno ya kumshawishi, nikayachana. Nilijiambia kwamba jambo hili haliwezi kuwa mikononi mwa mtu asiyeweza kuchagua viatu.

Mgomba ulifika kutoka Bogoro nyuma ya gari la mizigo, umefungwa shuka, na wanaume waliupokea wakiwa wamevua kofia, kama mtu. Waliuvisha suruali ya buluu na shati ambalo Neema alilitoa nje akiwa amelipiga pasi. Asubuhi ya sherehe uwanja ulikuwa na turubai, viti vya kukodi, kwaya, wakubwa wa ziwani katika nguo nyeupe, na Trezor, mkono sasa uko huru, amekaa mwisho wa mstari. Mkeka ulikuwa umetandikwa kando ya jeneza. Ulikuwa mtupu. Pazia la mlango wa Mama Jeremi lilikuwa limeshuka, na wanawake walikuwa wanautazama mkeka, kisha pazia, kisha mimi, ingawa hawakuweza kujua kwa nini mimi.

Nilisimama. Nilikuwa na karatasi iliyochapwa mkono mmoja na ile ya kwangu mkono wa pili. Nilisoma kuzaliwa, ubatizo, shule. Watu walicheka kidogo pale pa mwalimu na darasa lililopooza. Nilisoma kofia na injini. Nikafika. Papa Anselme, mbele yangu, alikuwa anafuata kwenye nakala yake kwa kidole. Nilijua kwamba nikisimama kuwaza, nitawaza mpaka jeneza liondoke bila mama yake, basi nikasoma kabla kichwa hakijaingilia.

"Jeremi hakujua kuogelea. Aliogopa maji tangu utoto, na hakumwambia mtu. Alivua jile yake akamvalisha mwingine, akarudi ufukweni."

Nyuma, kijana mmoja alicheka, akasema, "Marin gani?" Wakubwa walitazamana. Nilimwona Trezor akiinua kichwa, akanitazama kama niliyempiga, kisha akaweka uso kwenye mikono yake. Papa Anselme aligeuka kwenye kiti. Nilidhani ananigeukia mimi, ila alikuwa anamtafuta yule kijana.

"Nyamaza," alisema. "Funga mudomo, mutoto."

Kisha akaikunja nakala yake, akaiweka mfukoni.

Pazia liliinuliwa. Mama Jeremi alitoka na kitambaa cheusi kichwani, bila kushikwa na mtu, akavuka uwanja, akakalia mkeka. Aliweka kiganja juu ya mbao ya jeneza. Akanitazama, akangoja. Nikaelewa kwamba mstari uliobaki ni wa tarehe ya kufa, ule niliouacha mtupu. Nikaisema tarehe ya asubuhi ile ya ziwani. Hapo ndipo alipolia, na wanawake wote pamoja naye, na kwaya ikashindwa kuanza.

Huko makaburini alitupa udongo wa kwanza. Tuliporudi palikuwa na chakula, wali na nyama ya mbuzi na sombe, na watu walikula kwa kelele, jinsi watu wanavyokula baada ya kuogopa. Wakubwa walishukuru, wakajiandaa kuteremka mlima. Mama Jeremi alimtuma Neema kumwita Trezor. Alikuja na sahani yake, hakujua mahali pa kukaa, akachuchumaa kando ya mkeka. Nilikuwa nagawa maji ya kunawa, nikawa karibu nao.

"Sikukuulizaka kitu," alisema Mama Jeremi.

"Ndiyo, mama."

"Ile maji. Ilikuwa baridi?"

Trezor aliweka sahani chini. Hakutafuta neno zuri, alikuwa anakumbuka.

"Hapana, mama. Asubuhi ziwa inakuwaka na moto kupita inje. Siye tulikuwa tunaingizaka mikono ndani, ili ipate moto."

Mama Jeremi alikubali kwa kichwa. Alirekebisha kitambaa chake, akasogea kwenye mkeka kumpa nafasi ya kukaa, naye akakaa. Kisha mama akamuuliza swali la pili.